Tochi ya kelvini 6500 na jua la saa saba Kisumu

Ukisimama Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria huko Kisumu, saa moja na nusu jioni, giza limeshatanda, na mama muuza samaki akakufunulia ngege mbele ya tochi nyeupe pee, matamvua yataonekana ya kahawia iliyofifia, kama udongo wa mfinyanzi uliolowa. Samaki wa namna hiyohiyo mchana ungemwona ana wekundu wa damu. Ukimwambia, "Mama, huyu ni wa jana," huenda unamwonea bure. Kasoro iko kwenye tochi, na kasha lake huenda limeandikwa kwa herufi kubwa "Daylight 6500K", yaani mwanga wa mchana.

Nambari hiyo si ya uongo, ila inajibu swali moja wakati maswali ni mawili. La kwanza: weupe huu unaelekea wapi, kwenye manjano au kwenye buluu? La pili: ndani ya weupe huu kuna rangi zipi na zipi hazimo? Kelvini hujibu la kwanza tu. Jua la mchana linashinda kwenye la pili, na hapo ndipo tochi nyingi za madukani huanguka.

Tuanze na kelvini. Tazama fundi wa jua kali akipasha chuma: kwanza kinakuwa chekundu, kisha rangi ya chungwa, kisha manjano, kisha kinaelekea weupe. Kadiri joto linavyopanda ndivyo mwanga unavyoondoka kwenye wekundu na kusogea kwenye buluu. Kipimo cha joto la rangi kimetokana na jambo hilo. Mshumaa na koroboi huwa karibu na kelvini 1900. Balbu ya zamani ya waya ni 2700 hivi. Uso wa jua lenyewe una joto la kelvini 5772. Lugha ndiyo inayowachanganya wanunuzi: rangi tunayoiita "ya baridi", ile ya buluu, ndiyo yenye kelvini nyingi, na ile "ya joto", ya manjano, ndiyo yenye chache.

Tena kelvini 300 si kitu kimoja kila mahali. Ili kulinganisha sawasawa, gawanya milioni moja kwa kila nambari, kisha utoe. Kutoka 2700 hadi 3000 ni 370 kutoa 333, tofauti ni 37, na jicho huiona mara moja. Kutoka 6200 hadi 6500 ni 161 kutoa 154, tofauti ni 7, ambayo hutaiona. Kwa hiyo usibishane na muuzaji juu ya 6000 na 6500. Bishana juu ya 4000 na 5000, maana hapo tofauti ni 50.

Jua lipi hasa?

Watu husema "mwanga wa jua" kana kwamba ni mmoja. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, lakini iko magharibi ya mstari ambao saa zetu za Afrika Mashariki zimepangiwa, kwa nyuzi 10 na robo. Kwa sababu hiyo jua halifiki juu kabisa saa sita kamili. Hufika saa sita na dakika 41 kwa wastani: mapema zaidi mwanzoni mwa Novemba, kwenye saa sita na dakika 25, na kuchelewa zaidi katikati ya Februari, karibu saa saba kasoro dakika 5. Nakuru, kwa kuwa iko mashariki zaidi, hutangulia kwa dakika tano hivi. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri jua liko juu ya nyuzi 40 mwaka mzima, na muda huo rangi yake haibadiliki sana: mwanga wa moja kwa moja huwa kati ya kelvini 5000 na 5500. Ukiuchanganya na buluu ya anga, kama unavyoanguka juu ya meza iliyo wazi uwanjani, husogea kwenye 5500 hadi 6500.

Ingia kivulini, mahali jua halikufikii ila unaona anga tupu, na kipimo kinaruka hadi 8000 au hata zaidi ya 10,000. Siku ya mawingu mazito ni 6500 hadi 7500. Jioni mambo hukimbia. Huku kwetu jua hushuka wima, nyuzi 15 kwa saa, na likiwa kwenye upeo wa ziwa mwanga wake unapita kwenye hewa nene mara 38 hivi kuliko likiwa utosini. Buluu inatawanywa njiani na kinachokufikia ni cha kelvini 2000 hadi 3000. Anayelinganisha tochi na jua saa kumi na mbili jioni anailinganisha na jua jingine kabisa.

Kwa hiyo 6500 ni nambari ya mchana pamoja na anga yake, hasa ya mawingu. Jua tupu la saa saba liko karibu zaidi na 5200. Tochi ya 5000 inalikaribia kuliko ile iliyoandikwa "Daylight".

Kuna jambo jingine la macho. Jua la mchana hutoa luksi 100,000 (luksi hupima mwanga unaoangukia kitu, lumeni hupima mwanga wote unaotoka kwenye taa). Tochi ya lumeni 200 inayotandaza mwanga wake wote kwenye duara la sentimita 50 inatoa luksi 1000 hivi, mara mia chini, na ukimulika njia kwa mbali zinabaki luksi chache tu. Mwaka 1941 Arie Kruithof, Mholanzi wa kampuni ya Philips, alichora mchoro unaoonyesha kwamba mwanga hafifu wa kelvini nyingi huonekana baridi na usiopendeza, ingawa kelvini hizohizo mchana peupe hazimsumbui mtu. Waliopima baadaye hawakukubaliana na mchoro wake wote, lakini ukiwasha tochi mbili ukutani usiku, ya 4500 na ya 6500, utaelewa alichokiona: ya pili inafanana na mbalamwezi ya sinema.

Kilichomo ndani ya LED nyeupe

Kinachowaka ndani ya tochi hizi ni LED, chipu ndogo inayogeuza umeme kuwa mwanga, na hakuna chipu inayotoa mwanga mweupe yenyewe. Ndani kuna chipu ya buluu, ya nanomita 450 hivi (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), iliyofunikwa kwa unga wa manjano unaong'aa. Sehemu ya buluu inapenya, sehemu inamezwa na unga na kurudishwa kama kijani, manjano na wekundu kidogo. Jicho linachanganya vyote na kusema "nyeupe". Chipu ya buluu yenye mwanga wa kutosha ilipatikana Japani mwaka 1993, LED nyeupe ikaingia sokoni mwaka 1996, na Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014.

Tochi ya bei rahisi hupakwa unga kidogo. Buluu nyingi inapita, lumeni kwa kila wati zinakuwa nyingi, na kasha linaweza kujivunia mwangaza. Ndiyo sababu 6500 imejaa madukani. Haikuchaguliwa kwa kufanana na mchana.

Unaweza kuyaona haya kwa macho yako ukiwa na sanduku la viatu na kipande cha CD. Paka ndani masizi au rangi nyeusi. Upande mmoja kata dirisha dogo, ulibandike wembe mbili zinazotazamana, zikiachana kwa unene wa karatasi mbili za kuandikia, yaani milimita 0.2. Upande wa pili, sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye wembe, simamisha kipande cha CD kwa mwinamo wa nyuzi 60, kisha toboa tundu la kuchungulia juu yake. Ziba kila ufa kwa utepe mweusi, maana mwanga unaovuja huosha rangi zote. DVD hutawanya rangi kwa upana zaidi kwa sababu mifereji yake imeachana kwa maikromita 0.74, wakati ya CD ni 1.6.

Usielekeze wembe kwenye jua wala kwenye mwako wa jua juu ya bati. Jicho linaweza kuharibika moja kwa moja. Elekeza kwenye karatasi nyeupe iliyopigwa na jua, na utaona mkanda mmoja usiokatika, zambarau hadi wekundu mzito. Kisha ielekeze kwenye karatasi iliyomulikwa na tochi. Kutatokea mwale mkali wa buluu, halafu pengo la giza karibu na nanomita 480, mahali pa rangi ya feruzi, halafu kijani na manjano pana, halafu wekundu unaokufa mapema. Matamvua ya ngege yanahitaji ule wekundu uliokufa. Kitu hakiwezi kurudisha rangi ambayo hakikupewa.

Nambari ya pili

Nambari inayojibu swali la pili huandikwa CRI au Ra, na mwisho wake ni 100. Hupimwa kwa kumulika vipande nane vya rangi zisizo kali na kuona vimepotoka kiasi gani vikilinganishwa na mwanga wa asili wa kelvini hizohizo. Kati ya vipande hivyo nane hakuna wekundu mzito. Huo una nambari yake pembeni, R9, na ndiyo ya kuulizia. LED yenye Ra 70 mara nyingi ina R9 iliyo chini ya sifuri. Yenye Ra 80 huwa kati ya sifuri na 20. Kwa kazi ya rangi tafuta Ra 90 au zaidi na R9 isiyopungua 50. Kasha lisilotaja Ra kabisa, hesabu kuwa ni 70.

Koroboi ina Ra karibu 100, kwa kuwa ni moto halisi, mkanda wake haukatiki. Hata hivyo hakuna fundi cherehani atakayechagua uzi wa buluu kwa koroboi, kwa sababu kwenye kelvini 1900 buluu ni chache mno. Nambari zote mbili zinahitajika pamoja.

Dukani, kabla ya kulipa, mulika kiganja chako. Mwanga mzuri unaonyesha uwaridi wa kiganja na mistari yake, na mwanga wenye R9 mbovu hukifanya kiganja kijivu kama kimepakwa majivu. Beba pia nyuzi tatu za cherehani: nyekundu, maruni na kahawia. Zikikaribia kufanana, rudisha tochi. Uzi wa buluu-nyeusi kando ya mweusi ni mtihani mbovu, kwa sababu tochi ya 6500 ina buluu tele na itaufaulu. Hapo kusema kweli inaishinda tochi ya 3000, ambayo hufanya nyuzi zote mbili zionekane nyeusi. Wanaochagua mitumba soko la Kibuye alfajiri wakumbuke hilo: kwa buluu na nyeusi, nyeupe kali inafaa, lakini kwa maruni, kahawia na nyekundu inadanganya.

Kupima kwa simu

Simu ambayo kamera yake hurekebishwa kwa mkono, ile sehemu ya Pro, inatosha kwa kulinganisha. Kwanza tafuta kitu cheupe cha kuaminika. Karatasi ya kawaida haifai: imetiwa dawa ya kung'arisha inayogeuza miali ya urujuanimno ya jua kuwa buluu, na tochi ya LED haina miali hiyo, kwa hiyo karatasi moja inakuwa nyeupe mbili tofauti. Nunua utepe mweupe wa mafundi bomba, ule wa kuzungushia nyuzi za paipu kabla ya kufunga. Zungushia kadi ngumu hadi upate tabaka 15 au 20 na usione tena rangi ya kadi. Huo hurudisha rangi zote karibu sawa.

Zima kichujio cha usiku kwenye kioo cha simu. Saa saba mchana, weka kadi juani, mbali na ukuta uliopakwa rangi na mbali na udongo mwekundu, maana vyote viwili humwaga rangi yao juu ya kadi. Jaza picha kwa kadi, teremsha ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) hadi mwisho, kisha sogeza kelvini hadi kadi isiwe ya manjano wala ya buluu. Andika nambari. Usiku, kwenye chumba chenye giza, mulika kadi kwa tochi kutoka sentimita 30, rudia, andika. Simu inaweza kupotoka kwa kelvini mia kadhaa, kwa hiyo usiiamini nambari moja peke yake. Amini tofauti kati ya hizo mbili. Ikiwa simu ilisoma 5500 juani na 7400 kwa tochi, tochi imeliacha jua mbali, kasha liseme lisemavyo.

Wakati mwingine kadi inabaki ya kijani au ya waridi popote unaposogeza kelvini. Hiyo ni kasoro ya aina nyingine: mwanga umetoka nje ya mstari wa chuma kinachopashwa, na kelvini haiwezi kuirekebisha. Ukijani kidogo tu hufanya nyama ionekane mgonjwa. Mwelekeo mdogo wa waridi macho huuvumilia vizuri zaidi, na naona ni afadhali huo kuliko kijani cha kiasi hichohicho.

Pima katikati ya duara la mwanga na pembeni pia. Mwanga unaotoka ubavuni mwa chipu hupita unga mwingi zaidi, kwa hiyo pembeni huwa na pete ya manjano huku katikati kukiwa na buluu. Tochi za kuvuta lenzi ndizo mbaya zaidi. Ukivuta hadi mwisho utaona umbo la mraba la chipu ukutani. Ikiwa unahitaji rangi sawa kila mahali, mulika dari nyeupe na utumie mwanga unaorudi.

Betri nazo zinahusika. Tochi ya betri tatu ndogo ina volti 4.5 zikiwa mpya, na nyingi hazina saketi ya kudhibiti, ni rizista moja au hakuna. Betri mpya husukuma mkondo mwingi, rangi inaelekea buluu. Zikichoka, mwanga unafifia na mara nyingi unavuta kijani. Pima betri zikiwa mpya, kisha upime tena baada ya saa mbili za kuwaka.

Ipi kwa kazi ipi

Kwa samaki, nyama, nyanya na rangi za gari, chukua 5000 yenye Ra 90. Mafundi wa kupaka magari wajihadhari zaidi, kwa sababu rangi mbili zilizochanganywa kwa viungo tofauti zinaweza kufanana kabisa chini ya tochi na kuachana juani. Mlango uliokubaliwa gereji usiku uangaliwe tena saa saba, na tena kivulini, kabla ya kupakwa koti la mwisho.

Kwa fundi wa redio, rizista yenye mistari ya kahawia, nyeusi, nyekundu ni omu 1000. Ya kahawia, nyeusi, chungwa ni 10,000. Nyekundu ikionekana chungwa umekosea mara kumi. Mita ithibitishe. Kwenye nyaya za nyumba, rangi isikuamulie kamwe: katika mfumo wa zamani wa fezi tatu buluu ilikuwa na umeme, na katika mpya buluu ni nyutro. Tumia testa hata mchana.

Umanjano wa macho ya mtoto mchanga usiuangalie kwa tochi yoyote. Mwanga wa kelvini chache huweza kuuficha. Msogeze dirishani mchana, na ukiona au ukishuku, nenda hospitali.

Kwa kutembea usiku au kukaa barazani, 3000 hadi 4000 inatosha. Kandokando ya ziwa ina faida ya pili, kwani wadudu huvutwa zaidi na buluu, na wale wa ziwani wanaokuja kama moshi watapungua, ingawa hawataisha. Kuhusu ukungu, wengi husema manjano hupenya. Lakini matone ya ukungu ni makubwa na hutawanya rangi zote karibu sawa. Kinachosaidia ni kushika tochi chini, kiunoni, mwanga usikurudie machoni.

Ukiwa na tochi ya 6500 tayari

Plastiki ya rangi ya chungwa hafifu mbele ya kioo hupunguza buluu na kushusha kelvini, lakini haiongezi wekundu usiokuwapo. R9 inabaki mbovu na mwanga unapungua.

Dawa ya kweli ni kubadili chipu. Tochi nyingi za betri ya lithiamu zina chipu ya milimita 3.5 kwa 3.5 juu ya kibati cha milimita 16 au 20. Nichia 519A hupatikana kwa kelvini 4500 na 5000, ikiwa na Ra isiyopungua 90 na R9 isiyopungua 50. Fungua kichwa, weka alama ya chanya, toa nyaya, kisha weka kibati juu ya pasi iliyogeuzwa na kuwashwa hadi mwisho. Risasi ya kulehemu ya 63/37 (bati 63, madini ya risasi 37) huyeyuka kwa nyuzi 183, nayo pasi huweza kuifikia. Isiyo na madini ya risasi huhitaji nyuzi 217 hivi, na pasi nyingi zitashindwa. Risasi iking'aa kama maji, ondoa chipu ya zamani kwa kibanio, safisha, paka risasi mpya nyembamba, laza mpya na uiache ijivute yenyewe mahali pake. Usiibonyeze juu: kichwa chake ni cha silikoni laini, na kilicho ndani huharibika kwa urahisi. Kabla ya kufunga, iguse chipu kwa mita iliyowekwa kwenye alama ya dayodi. Ikiwaka kidogo, chanya iko sahihi. Chini ya kibati paka krimu ya joto nyembamba kama rangi ya kucha, kisha kaza hadi kibati kikae bapa. Ikiwaka bila kugusana vizuri na chuma cha tochi, chipu hupata moto, hugeuka rangi na kufa.

Utapoteza mwangaza, mara nyingi robo hivi, na jicho halitaiona sana. Pima tena kwa kadi ileile na simu ileile, kwenye mwanga wa chini na wa juu, uandike nambari hizo kando ya ile ya saa saba.